Forester inakata mafuta nikishuka Dar: kontrola ya busti itasaidia?

Swali la msomaji wa Arusha, kwa ufupi: “Shikamoo mtaalamu. Nina Subaru Forester SG5 ya turbo, manyuo, ya mwaka 2003. Nilitoa masega (kichujio cha moshi) nikaweka daunpaipu, lile bomba linalotoka kwenye turbo, na ekzosi ya inchi 3 mpaka nyuma. Nikiwa Arusha geji ya busti, yaani presha ya turbo, inasoma 1.0, ikizidi sana 1.1, na gari linavuta safi. Nikishuka Dar, gia ya nne, kuanzia mizunguko 5,000 sindano haitulii, inapanda mpaka 1.3, halafu gari linakata ghafla kama mtu kazima swichi. Linarudi, linakata tena. Fundi wangu anasema tufunge kontrola ya mkono ili tuishushe hiyo busti. Mwingine anasema springi ya westigeti imechoka, tuweke ngumu zaidi. Wa tatu ana kifaa cha kuidanganya kompyuta isikate. Nimsikilize nani?”

Marahaba. Kwa sasa usimsikilize hata mmoja, na huyo wa tatu usimruhusu hata kufungua boneti. Kompyuta ilipokata mafuta haikukosea. Imeona presha ya hewa inayoingia kwenye injini imevuka kiwango ilichopangiwa, ikafunga nozeli. Ukiificha namba hiyo, presha itabaki palepale, ila hakutakuwa tena na wa kuizuia, na safari inayofuata utakuja kuniuliza bei ya pistoni.

Tuanze na fundi wako wa kwanza, maana kosa lake ni la wengi. Kontrola ya busti, iwe ya mkono au ya umeme, ya bei rahisi au ile inayouzwa kwa bei ya pikipiki, haiwezi kushusha busti chini ya pale springi ilipoiweka. Inapandisha tu. Angalia mfumo wenyewe. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha gurudumu la upande wa moshi, na hilo limeungwa kwa shafti moja na gurudumu la upande wa hewa. Moshi ukizidi, shafti inazidi kasi, hewa inazidi. Bila kizuizi, kadiri unavyokanyaga ndivyo busti inavyojizalisha yenyewe. Ndiyo maana kuna westigeti, yaani kimlango kidogo ndani ya nyumba ya turbo kinachopitisha sehemu ya moshi pembeni bila kugusa gurudumu. Kimlango hicho kinafunguliwa na fimbo, na fimbo inasukumwa na kopo la bati lenye utando wa mpira na springi ndani. Mpira mwembamba unaleta presha ya busti kwenye kopo. Presha ikishinda springi, fimbo inasogea, mlango unafunguka, turbo inapunguza kasi.

Kwa turbo ya TD04 kama hiyo yako, springi ya kiwandani inaanza kushindwa kwenye karibu nusu baa (baa ni kipimo cha presha). Ukiunganisha mpira moja kwa moja kutoka kwenye turbo hadi kwenye kopo, bila kitu katikati, hiyo nusu baa ndiyo busti ya chini kabisa ambayo gari lako linaweza kushikilia. Chochote cha juu yake, ikiwemo busti ya kiwandani ambayo kwa gari lako haikufika baa 1, kinapatikana kwa kulidanganya kopo: unalipelekea presha pungufu kuliko iliyopo kweli, mlango unachelewa kufunguka. Solenoidi ya Subaru, yaani valvu yake ya umeme, inafanya hivyo, kontrola ya mkono inafanya hivyo, na masanduku ya umeme ya HKS au GReddy yenye vioo vya kung’aa yanafanya hivyohivyo, kwa akili nyingi zaidi. Sasa mtu akikwambia atatumia kifaa cha kuchelewesha mlango kutibu busti iliyozidi, muulize kinashusha kwa njia gani. Na springi ngumu zaidi, dawa ya fundi wa pili, inainua kile kiwango cha chini kabisa. Kwa ugonjwa ninaoushuku mimi, angekuwa anaongeza homa.

Ninachoshuku ni hiki. Ulipotoa masega na kuweka bomba la inchi 3, uliondoa kizuizi nyuma ya turbo. Tofauti ya presha kati ya mbele na nyuma ya gurudumu la moshi imekuwa kubwa, kwa hiyo gurudumu linavuta kwa nguvu zaidi na turbo inaamka mapema. Hiyo ndiyo raha uliyoilipia. Lakini tundu la westigeti limebaki lilelile dogo, lililopimwa kwa ajili ya ekzosi ya kiwandani. Kwenye mizunguko ya juu moshi ni mwingi, mlango umefunguka mpaka mwisho, na bado haupitishi kiasi cha kutosha. Ni daladala ya Gongo la Mboto iliyofika kituo cha mwisho ina mlango mmoja. Moshi unaobaki hauna pa kwenda isipokuwa kwenye gurudumu. Hapo busti inapanda yenyewe, polepole, pamoja na mizunguko, na hakuna kompyuta wala kontrola inayoweza kuishusha, kwa sababu mlango hauwezi kufunguka zaidi ya kufunguka.

Sasa, kwa nini Dar na si Arusha? Hapa ndipo swali lako lilipo tamu.

Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya bahari. Hewa pale ina presha ya karibu baa 0.86, wakati Dar ni 1.01. Geji ya kawaida inapima ziada juu ya hewa ya mahali ulipo. Kwa hiyo 1.0 ya Arusha maana yake ni baa 1.86 halisi ndani ya manifoldi, yaani bomba la kugawa hewa kwenye silinda, na 1.0 ya Dar ni 2.01. Namba moja kwenye kioo, hewa tofauti kwenye silinda. Injini ya Dar inameza hewa nyingi zaidi, inachoma petroli nyingi zaidi, inatoa moshi mwingi zaidi, na lile tundu ambalo Arusha lilikuwa linajikongoja, Dar linazidiwa. Ile 1.3 yako ni baa 2.31 halisi. Sensa ya Subaru inapima presha halisi, haipimi ziada, na mpaka wa kukata mafuta umeandikwa kwa presha halisi. Ndiyo maana Arusha ukiwa na 1.1, yaani 1.96 halisi, kompyuta ilinyamaza, na Dar ikakata. Usishangae pia ukiona dalili hizo asubuhi ya baridi kali huko West Kilimanjaro: hewa baridi ni nzito, na mchezo ni uleule.

Hayo ni kama geji yako inasema kweli. Ijaribu leo: fungua swichi bila kuwasha injini. Ukiwa Arusha, geji inayopima ziada itasoma sifuri. Ikisoma karibu –0.15, basi ina sensa ya presha halisi iliyopangwa kwa usawa wa bahari, na namba zako za Arusha zinahitaji kuongezwa hiyo 0.15 ili zilingane na mazungumzo yetu. Angalia na kipimo chenyewe. Geji za Japani nyingi zimeandikwa kwa kilo kwa sentimita ya mraba, ambayo ni karibu sawa na baa, au x100 kPa, ambayo ni baa ileile kwa jina jingine. Ila fundi akikwambia “weka kumi na tano” anazungumzia psi, na baa moja ni psi 14.5. Nimeona watu wakigombana nusu saa kwa ajili hiyo.

Kabla ya kulaumu tundu, hata hivyo, tuondoe sababu za bei rahisi. Kukata kwako unakueleza kama kuzima swichi, ni kama gari linagonga ukuta na kichwa kinakwenda mbele. Huko ni kukata mafuta. Kama ingekuwa kutetemeka, kupigapiga na kusitasita, ningekwambia cheche zinazimwa na presha: hewa ikiwa nzito kwenye silinda, cheche inapata shida kuruka pengo la plagi. Dawa yake ni plagi mpya zenye pengo dogo, kama milimita 0.7 hadi 0.75, na koili nzima. Fanya hivyo hata hivyo, si gharama kubwa, na itakuondolea shaka moja.

Halafu ingia chini ya intakula, kile kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo. Mipira midogo ya presha kwenye magari haya ina zaidi ya miaka 20 na imeishi juu ya turbo. Ikikunjwa inapasuka kama biskuti. Mpira unaokwenda kwenye kopo ukipasuka au klampu ikilegea, kopo halipati presha, mlango haufunguki, busti inakwenda inakotaka. Hilo lingeonekana hata Arusha, na lingeanza mapema, si kwenye mizunguko 5,000 tu, kwa hiyo silitegemei kwako. Lakini dakika tano za kukagua hazijawahi kumfilisi mtu.

Katikati ya mpira unaotoka kwenye turbo kuelekea kwenye kiunganishi cha T, kiwanda kimeweka kidonge kidogo chenye tundu jembamba mno. Huwezi kukiona kutoka nje. Unakitambua kwa kuubonyeza mpira kwa vidole na kuhisi kitu kigumu ndani. Kazi yake ni kubana presha inayotoka kwenye turbo ili solenoidi iweze kuivujisha ile inayokwenda kwenye kopo. Fundi akibadilisha mipira kwa kukata vipande vya mpira wa dukani, kidonge kinatupwa pamoja na mpira wa zamani, na tangu siku hiyo gari halifiki busti yake. Mwingine anakuja anaweka kidonge chenye tundu dogo zaidi ili “kuamsha” gari, busti inaruka. Ukikuta kidonge chako, usikibadilishe. Usipokikuta, niambie, maana maelezo yangu mengine yatabadilika kidogo.

Kisha lipime kopo lenyewe. Unahitaji pampu ya mkono yenye geji. Hata ya tairi la baiskeli inafaa ukiweza kuizuia isivuje. Chomoa mpira kwenye kopo, unganisha pampu, sukuma taratibu huku kidole kimekaa kwenye fimbo. Karibu na nusu baa utaihisi fimbo inaanza kutoka, milimita kwa milimita, bila kukwama. Shikilia presha hapo na uangalie sindano: ikishuka yenyewe, utando umetoboka. Ukiachia, fimbo irudi na usikie mlango ukigonga kiti chake. Ukisikia mkwaruzo au fimbo ikirudi nusu, pini ya mlango imekula kutu. Na ikiwa fimbo inaanza kutoka mapema sana, hapo ndipo maneno ya springi kuchoka yangekuwa na maana, ila springi iliyochoka inaleta busti ndogo. Fundi wa pili amesoma kitabu kinyumenyume.

Kuna kitu kingine ambacho mabomba ya kuchomelea mtaani huleta. Daunpaipu nyingine mdomo wake umebana sana, na mlango wa westigeti ukitaka kufunguka unagonga ukuta wa bomba au ukingo wa gasketi. Chukua tochi, fungua daunpaipu, sukuma fimbo kwa pampu na uangalie mlango unakwenda umbali gani. Alama ya kung’aa kwenye ukuta wa bomba, pale chuma kinapogongana na chuma, itakupa jibu bila kompyuta. Ukiikuta, tiba yako ni gurudumu la kusagia na nusu saa ya kazi, na unaweza kuacha kusoma hapa.

Usipoikuta, tufanye kipimo chenyewe. Ng’oa mpira wa solenoidi kwenye T, ziba tawi hilo kwa boliti na klampu, ili presha yote ya turbo iende kwenye kopo. Waya wa solenoidi uache umechomekwa. Taa ya injini inaweza kuwaka kwa sababu busti haifiki inapotakiwa, isikutishe. Sasa gari liko kwenye springi tupu. Kanyaga kutoka mizunguko 2,500 hadi 6,000. Gari lisilo na tatizo litakaa kwenye nusu baa na kubaki hapo, likipanda sana liguse 0.6. Likianza na 0.5 na kufikia 5,000 likawa 0.7, 0.8, 0.9, umeliona tundu likizidiwa kwa macho yako, na hakuna mtu atakayekuuzia kontrola tena.

Fanya hivyo kwenye mashine ya kupimia nguvu kama unaipata. Usipoipata, tumia gia ya tatu kwenye mlima usio na watu, sio ya nne. Gia ya nne kwenye mizunguko uliyonitajia unazidi kilomita 140 kwa saa, na kama ulifanya hivyo kwenye Barabara ya Morogoro kati ya malori na bodaboda, tuna shida nyingine isiyohusu turbo. Mlima unasaidia kwa sababu injini inabeba mzigo muda mrefu, na busti ya aina hii inahitaji muda kujionyesha.

Ukiwa na kompyuta mpakato, ni bora zaidi. Programu ya bure ya RomRaider pamoja na waya wa Tactrix, kama kompyuta ya gari lako inakubali, zinarekodi kila kitu sensa zinachokiona. Rudisha mpira wa solenoidi, rekodi mvuto mmoja, halafu tazama safu mbili tu: presha ya manifoldi na asilimia ya kazi ya solenoidi. Solenoidi ikiwa kwenye sifuri, kompyuta inasema “nimeshaachia kila kitu, mlango uko wazi”. Presha ikiendelea kupanda huku solenoidi iko sifuri, tatizo ni la chuma. Solenoidi ikiwa kwenye 40 au 50 wakati presha inaruka juu na kutulia baada ya sekunde moja, tatizo ni la mpangilio wa kompyuta: inaagiza nyingi mno mwanzoni, kwa sababu namba zake ziliandikwa kwa turbo iliyokuwa inaamka kwa uvivu, na wewe umeifungulia njia. Hilo linatibiwa kwa kutyuni, yaani kupanga upya namba za kompyuta, bila kugusa spana. Magari mengi yaliyofunguliwa ekzosi yana yote mawili, ndiyo maana nasisitiza urekodi kabla ya kununua chochote.

Basi tuseme ni tundu. Una njia tatu, na nitakwambia ninayoipenda.

Ya kwanza ni kurudisha kizuizi kidogo: masega ya kisasa yenye matundu makubwa, au kipande cha bomba chembamba kidogo baada ya daunpaipu. Vijana hawaitaki kwa sababu inapunguza kelele. Kwa gari linalokwenda kazini na kurudi, na linalopanda na kushuka kati ya Arusha na Pwani, ndiyo ninayokushauri uanze nayo. Harufu ya moshi itapungua, majirani watalala, na busti inaweza kushuka ikatosha. Utapoteza nguvu kiasi ambacho hutakihisi bila mashine.

Ya pili ni kushusha turbo na kulipanua tundu. Kazi hii ni ya mtu mwenye mkono mtulivu. Tundu linasagwa, na pembe ya kuingilia moshi inalainishwa ili moshi ugeuke kirahisi kuelekea mlangoni. Mara nyingi kulainisha pembe kunasaidia kuliko kupanua kipenyo. Lazima ubaki ukingo wa kutosha pande zote ili mlango ukae na kuziba. Ukisaga kupita, mlango unavuja muda wote, turbo inakuwa mvivu, na nyumba ya turbo haina kiraka. Chuma chenyewe mara nyingi kina nyufa ndogo kati ya tundu na njia ya gurudumu. Nyufa fupi zinavumilika. Ndefu, tafuta nyumba nyingine.

Ya tatu, westigeti ya nje, inayofungwa kwenye manifoldi ya moshi yenyewe kabla ya turbo. Inatibu kabisa. Kwa turbo ndogo kama yako ni matumizi mabaya ya pesa. Waachie wenye turbo kubwa na mashindano.

Wakati turbo iko mezani, shika shafti na uitikise. Kuyumba kidogo sana kushoto na kulia ni kawaida, kwenda mbele na nyuma si kawaida. Shafti hiyo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na muda ilioutumia kwenye 1.3 haukuiongezea umri.

Baada ya hapo ndipo tuzungumzie busti unayoitaka. Wengi wanaiona busti kama nguvu. Nguvu ni hewa iliyoingia kwenye silinda ikiwa baridi kiasi, na petroli ya kutosha, na cheche kwa wakati wake. Turbo ndogo ikisukumwa sana inageuka hita. Kwa hesabu, ukiwa Dar kwenye nyuzi 32, busti ya 0.9 inatoa hewa ya karibu nyuzi 120 mdomoni mwa turbo kabla ya intakula. Kwa 1.3, turbo ikiwa nje ya eneo lake zuri, ni karibu 160. Intakula ya Forester imekaa juu ya injini, na ukitoka kwenye foleni ya Ubungo imeshakuwa sufuria. Hewa moto inakubali kulipuka ovyo kabla ya moto wa plagi kuifikia, na pistoni za EJ205, injini yako, ni za kusubu: kinachovunjika kwanza ni kingo zinazoshika ringi. Hiyo ni noki ya petroli, si ile noki ya beringi ambayo Subaru imesingiziwa na kustahili kwa pamoja. Hutaisikia ndani ya gari lenye ekzosi ya inchi 3. Utakuja kuona moshi wa buluu.

Petroli nayo. Fungua kifuniko cha tangi. Gari lako lilitengenezwa litumie haioku ya Japani, petroli ya daraja la juu, ambayo huko inauzwa ikiwa na oktani ya 98 hadi 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Watengeneza magari wa Saab walilielewa jambo hili mapema: mwanzoni mwa miaka ya 1980 walitoa mfumo wa APC, sensa ikisikiliza noki na solenoidi ikipunguza busti papo hapo, ili gari lilelile liweze kutumia petroli nzuri na mbaya. Subaru yako inasikiliza pia, lakini kwanza inarudisha nyuma taimingi, yaani wakati wa cheche, na kuna mahali haiwezi kuwahi. Mtu akikutyuni kwa ramani ya kompyuta aliyoipakua kutoka kwa gari la Osaka, amekutyuni kwa petroli usiyoinunua.

Ningekupangia hivi: Dar isizidi baa 1.9 halisi, yaani 0.9 kwenye geji, katikati ya mizunguko, ikishuka taratibu hadi kama 0.75 karibu na mstari mwekundu, kwa sababu TD04 juu kule imeishiwa pumzi na inachosha shafti bure. Arusha 1.8 halisi, ambayo geji itaisoma 0.94. Unaona, geji itaonyesha kubwa Arusha huku injini ikipata ndogo. Kuna anayetaka Arusha apate 1.9 ileile ya Dar ili “asidhulumiwe na mlima”. Gawanya: 1.9 kwa 0.86 ni 2.2, wakati Dar turbo inazidisha hewa mara 1.9 tu. Ule mlima unaulipa kwa kasi ya shafti na joto. Kompyuta ya Subaru ina jedwali la kupunguza busti kwa kufuata hewa ya mahali, na mtyuni mzuri halifuti.

Pampu ya mafuta isisahaulike. Presha ya petroli inapanda pamoja na busti: baa 3 za kawaida juu ya presha ya manifoldi, kwa hiyo kwenye busti ya 0.9 pampu inasukuma dhidi ya karibu 4, na pampu ya miaka 20 kwenye 4 inatoa kidogo. Usikubali kutyuniwa bila sensa ya lambda ya mkondo mpana kwenye bomba, ile inayopima uwiano wa hewa na petroli. Chini ya busti tunataka hewa 11 hadi 11.5 kwa petroli 1, ukiona 12.5 inayopanda, achia mguu. Na ile valvu ya kupumulia nje inayopiga “pshaa” mkibadilisha gia, kama umeifunga, rudisha ya kiwandani. Sensa ya hewa imeshahesabu hewa hiyo, wewe unaitupa, injini inabaki na petroli ya hewa isiyokuwepo.

Na kontrola? Kwa gari lako, solenoidi ya kiwandani ikiwa nzima inatosha kabisa kwa 0.9. Kama imechoka, weka ya njia tatu, inajibu haraka na kushikilia vizuri zaidi, lakini siku inayofungwa ndiyo siku ya kutyuni. Ukiifunga na kuondoka na namba za zamani, busti itaruka ukiwa hujafika Tengeru. Ya mkono, yenye kigololi na springi, ni kifaa chema kwa gari la mbio linalokimbia mahali pamoja. Haijui gia, haijui joto, haijui kama uko Moshi au Mkuranga. Kwa mtu anayeteremka mita 1,400 kwa siku moja siipendekezi.

Kama safari ya Dar haiwezi kungoja matengenezo, acha ile mipira kama nilivyokueleza kwenye kipimo, tawi la solenoidi limezibwa, na gari likae kwenye springi tupu. Litakuwa zito kwenye milima, utavumilia. Ukifika tambarare usilipeleke zaidi ya mizunguko 4,500 ukiwa umekanyaga mpaka chini, na geji ikigusa 0.8 achia. Ukirudi nitumie hiyo rekodi ya gia ya tatu, safu ya presha na ya solenoidi, pamoja na picha ya mlango wa westigeti ukiwa umefunguka mpaka mwisho.